Nilivyosafisha ubao wa vidole wa gitaa langu Unguja

Gitaa langu ni la akustika, na ubao wake wa vidole, yaani ule unaobonyezewa nyuzi, ni wa mbao ya rozwudi isiyopakwa vanishi. Tunakaa Malindi, mahali ambapo upepo wa bahari huingia ndani mchana na usiku, na kwa hivyo jasho la vidole, vumbi na chumvi vilikuwa vimeganda pembezoni mwa freti (vile vyuma vyembamba vinavyoukata ubao), khasa zile za mwanzo ambazo mkono huzizowea, hata mishipa ya mbao ikawa haionekani.

Jirani zangu walinishauri nipake mafuta ya nazi, kwa kuwa hayakosekani katika nyumba yoyote hapa kwetu. Sikuyatumia, kwani mafuta mengi ya kula yakishaingia katika mbao hayakauki, na baada ya muda huchacha na kuacha utando wa kunata unaovuta uchafu mpya. Mafuta ya karafuu nayo ni makali, na huweza kuharibu vanishi na sehemu za plastiki.

Nilizilegeza nyuzi polepole, nikazitoa zote, kisha nikaliziba tundu la sauti kwa kitambaa. Uchafu mzito niliukwangua kwa ukingo wa kadi ya plastiki, nikifuata kila freti pande zote mbili, na hii ndiyo kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Baadaye nilisugua kwa stilwaya laini kabisa, yenye alama ya 0000, kwa kufuata mishipa ya mbao na si kuikata; ile ya kusugulia masufuria ni kali mno na itaacha mikwaruzo. Mwenye gitaa la umeme azifunike kwanza sumaku zake za kunasia sauti kwa utepe wa karatasi, kwa sababu chembe za chuma hunasa humo na ni taabu kuzitoa. Ubao wa vidole wa mti wa mepo uliopakwa vanishi usiguswe kwa stilwaya wala mafuta. Kitambaa chenye unyevu mdogo kinautosha.

Mafuta niliyoyachagua ni parafini ya maji inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kulainisha choo. Haina rangi wala harufu, haichachi, na ndiyo jamii ya mafuta yanayojaza sehemu kubwa ya chupa nyingi za kusafishia ubao wa gitaa zinazouzwa kwa jina la mafuta ya limau. Isidhaniwe kabisa kuwa ni mafuta ya taa. Nilitia matone machache kwenye kitambaa cha pamba, nikapaka, nikasubiri kiasi cha dakika tano, halafu nikafuta mpaka kitambaa kikawa hakitoki na kitu. Ami yangu, ambaye ni seremala, alikuwa akiniangalia, akaniambia, "Basi mwanangu, mbao hiyo imeshashiba."

Nakubaliana naye kabisa, kwani watengenezaji wengi wa magitaa hutaka unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55, na wetu aghalabu hupindukia hapo, khasa wakati wa masika. Kwa hivyo naona kupaka mafuta mara moja kwa mwaka kunatosha visiwani, isipokuwa gitaa linalowekwa katika chumba chenye kiyoyozi, ambacho huikausha mbao. Kusafisha, kwa upande mwengine, nakufanya kila ninapobadilisha nyuzi, na kila nikimaliza kupiga naupangusa ubao kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha gitaa katika mfuko wake.