Ndege ya karatasi

Juni 2019 nilikuwa nasoma Lyon, na kwa miezi mitatu nilikuwa nadunduliza hela ya kibarua cha wikiendi kwa ajili ya safari moja tu: tamasha la filamu za uhuishaji la Annecy. Tangu nisikie kwamba Ufaransa kuna mji ambao watu wamekuwa wakikutana kuangalia vibonzo tangu 1960, moyo haukutulia. Treni ilichukua kama saa mbili. Nikashuka na begi mgongoni, nikaenda moja kwa moja Bonlieu, ukumbi mkubwa ulio karibu na ziwa.

Onyesho nililolitaka, la filamu fupi zinazoshindania tuzo, lilikuwa limeshajaa. Nikapanga foleni ya wasio na nafasi, wanaoingizwa dakika za mwisho viti vikibaki. Tulisimama zaidi ya saa nzima na hakuna aliyelalamika. Mbele yangu kijana mmoja alikaa chini kabisa, daftari mapajani, anachora viatu vya watu waliopanga foleni. Alipofika kwenye viatu vyangu nilijitahidi nisisogee.

Nilipata kiti cha juu, pembeni. Kabla taa hazijazimwa, hewa ilijaa ndege za karatasi. Watu wazima, wengine wana mvi, walikuwa wanazirusha kuelekea jukwaani, na kila iliyofika ilipokewa kwa shangwe kama goli la Simba na Yanga. Huo ndio utamaduni wa pale.

Bibi aliyekaa kando yangu akaona nimeduwaa. Akachana ukurasa wa ratiba yake, akanipa. Nikakunja ndege kama tulivyokuwa tukikunja Tanga, pua ndefu iliyochongoka. Akatikisa kichwa, akaifungua, akaikunja pua kwa ndani mara mbili ili iwe nzito, akazibana mbawa kwa kucha ya dole gumba, akanirudishia. Nikasimama, nikarusha. Ilizunguka juu ya vichwa vya watu, ikashuka kama inaanguka, ikainuka tena, ikatua ukingoni mwa jukwaa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bibi yule alinishika mkono akautikisa kama vile tumeshinda pamoja.

Taa zikazimwa. Kila sungura alipotokea kwenye skrini, ukumbi mzima ulipiga kelele, "Lapin!", yaani sungura, nami nikapiga nao.

Halafu ikaja filamu ya Bruno Collet, *Mémorable*. Ni ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Sekunde moja ya filamu hubeba picha 24. Inamhusu mchoraji mzee anayepoteza kumbukumbu, na mke wake anayemtazama akipotea. Vitu anavyoviona vinaanza kuyeyuka kama rangi. Hakuna daktari anayetoa maelezo marefu, rangi yenyewe ndiyo inayosema.

Bibi yangu mzaa mama, miaka yake ya mwisho, alikuwa akiniita kwa jina la mjomba aliyefariki. Nilikuwa namsahihisha. Kila siku namsahihisha, naye anaona haya, ananyamaza. Sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa anaona nini anaponitazama. Pale gizani, kwenye uso wa kikaragosi kile, ndipo nilipoona. Nililia waziwazi. Filamu ilipokwisha ukumbi ulikaa kimya kidogo, kisha makofi yakaanza taratibu, hayakukatika upesi. Jumamosi ya tamasha lile filamu hiyo ilipewa Cristal, tuzo kuu ya filamu fupi, na tuzo ya watazamaji pia. Mimi nilikuwa nimeshaipa yangu.

Jioni nikaenda Pâquier, uwanja wa nyasi kando ya ziwa, ambako filamu huonyeshwa bure nje. Juni kule giza huchelewa, kwa hiyo hadi saa nne usiku familia zilikuwa bado zimekaa kwenye mablanketi, zinasubiri. Nikampigia mdogo wangu. Kwao ilikuwa saa tano, ila alipokea.

Yeye na mimi, shule ya msingi, tulichora mtu wa vijiti kwenye kona za kaunta buku, ukurasa kwa ukurasa. Ukizipeperusha kwa kidole, mtu anakimbia, anapiga mpira, anaanguka. Mwalimu alilichana daftari mbele ya darasa, akasema hiyo ni michezo ya watoto wasio na kazi. Mdogo wangu hajachora tena tangu siku ile.

Nikamweleza yote: foleni, viatu, bibi, mchoraji. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kaka," akasema mwisho, "wazee wazima kabisa wanarusha ndege za karatasi?"

"Wazima kabisa."

"Na yako ilifika wapi?"

"Jukwaani."

Akacheka sana. Kisha nikamsikia anamuuliza mkewe, sauti ikiwa mbali kidogo na simu, kama kuna penseli humo ndani.