Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiswahili anayejifunza kunyamaza

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nyumba nzima imelala. Nimekaa kitandani na visikilizi masikioni, nasikiliza somo langu la jana, ambalo nililirekodi kwa simu iliyokuwa juu ya meza ya mbele. Kila nikisikia sauti yangu ikiuliza swali, nahesabu: sekunde ngapi zimepita kabla sijafungua mdomo tena? Moja. Moja. Moja na nusu. "Jana ulifanya nini?" Kimya kidogo. "Ulikwenda kazini? Ulikaa nyumbani? Ulipumzika?" Nimemmiminia mwanafunzi maswali manne kwa pumzi moja, na majibu nimemtafunia mwenyewe.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni, huu mwaka wa 19. Nikiwaambia watu kazi yangu huniuliza, "Si unaongea lugha yako tu?" Nilipolisikia somo hilo nikaona kwamba kweli, nilikuwa naongea tu. Katika dakika 40, sauti yangu ilichukua 27, na wanafunzi 10 wakagawana zilizobaki.

Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili kwenye masomo ya sayansi miaka ya 1970. Aliona kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha humwita mwingine au hujijibu. Walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wanafunzi waliozoea kunyamaza walianza kusema. Sekunde tatu! Ukizisoma ni chache. Simama nazo mbele ya mtu anayetafuta neno, uone zilivyo ndefu.

Saa mbili asubuhi, wanaoanza. Simama, keti, funga mlango, mpe mwenzako kalamu. Ni njia ya mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, ya miaka ya 1960: mwili hujibu kwanza, ulimi hufuata. Wanacheka, wanatoka jasho, wanashika vitenzi 15. Darasa hili huniponya.

Saa nne siku ikaanza kunikaba. Katika darasa la pili yumo mwanafunzi mmoja, mtu mzima na msomi, anayelipa ada mapema kuliko wote, ambaye haamini kwamba amejifunza kitu mpaka aone jedwali. Nilikuwa nimepanga wakae wawili wawili, kila mtu amwonyeshe mwenzake picha za familia kwenye simu na amweleze nani ni nani. Akainua mkono. "Mwalimu, mimi nimelipa kwa sarufi. Picha ninazo nyumbani."

Mezani pake vilikuwapo vitabu viwili. Kimoja kinazitaja ngeli kwa namba, utaratibu ulioanzishwa na Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na kuendelezwa na Carl Meinhof, wote wawili wataalamu wa lugha wa Kijerumani. Kingine kinazitaja kwa upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA. Akataka nimwambie kipi ni sahihi. Nikamjibu kwamba hizo ni njia mbili za kuhesabu mifugo ileile. Hakuridhika. Akafungua ukurasa aliouwekea alama: mbona "rafiki" yumo namba 9, na tunasema "rafiki anakuja"? Nikamweleza kwamba rafiki ni kiumbe hai, kwa hiyo kitenzi chake hufuata A-WA. "Basi ni rafiki wangu." Hapana, rafiki yangu. "Kwa nini?" Kwa sababu majina ya ujamaa na usuhuba ya kundi hilo, kaka, dada, mama, rafiki, hubaki na kimilikishi cha ngeli yake ya asili. "Na kivumishi?" Rafiki mwema. Akaandika polepole: rafiki yangu mwema anakuja. Akaitazama sentensi, akaweka kalamu chini kama mtu aliyedhulumiwa. Dakika 12 zilikuwa zimekwenda. Wenzake tisa walikuwa wanatazama dirishani.

Nilikasirika, sifichi. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na ukweli ni kwamba sentensi ile ni ngumu. Nikaiacha ubaoni, nikamwomba amweleze jirani yake picha moja tu, moja, kisha tutarudi kwenye jedwali. Akatoa simu shingo upande.

"Hii ni kaka yangu. Yeye..."

Akakwama. Jana ningemmalizia. Nikabana meno, nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne.

"Huyu," akajirekebisha. "Huyu ni kaka yangu. Anakaa mbali. Mimi na yeye hatuongei."

Jirani yake akashusha simu. "Tangu lini?" akamuuliza, kwa Kiswahili, wala hakunitazama mimi. Wakaendelea hivyo hadi kipindi kikaisha, makosa yakimwagika, na mimi nimesimama nyuma ya kiti nimeshika chaki isiyo na kazi. Alipotoka alipita mezani kwangu: "Jedwali, Mwalimu?" Nikampa. Nusu ya visanduku ni vitupu, avijaze kwa sentensi alizozisema mwenyewe.

Mchana ni wa kusahihisha. Barua ya nne ilianza hivi: "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema. Ni muhimu kutambua kwamba..." Mwandishi ana miezi miwili tu darasani na bado anasema "kitabu yangu". Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika, itoke Novemba 2022 nimezijua barua hizi kwa harufu: safi, laini, hazina mtu ndani. Nikamwita. Sikumfokea. Akaniambia, "Mwalimu, nilikionea aibu Kiswahili changu." Tukakubaliana: kwanza anirekodie sauti ya dakika moja, asimulie anachotaka kuandika, kisha aandike kwa mkono hapohapo. Programu aitumie baadaye, imwulize maswali, isimwandikie. Barua yake ya pili ilikuwa na makosa 11, na ilimhusu paka wake aliyepotea. Niliisoma mara mbili.

Saa tisa, mafunzo ya walimu. Mwenzetu kijana anatufundisha programu ya kadi za msamiati. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe akaona jinsi kumbukumbu inavyoporomoka upesi mwanzoni, na mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner akapendekeza kupanga kadi katika visanduku. Kadi uliyoijua inasogea mbele, uliyoikosa inarudi mwanzo. Mimi visanduku vyangu nilivikata kwa karatasi ngumu miaka mingi iliyopita. Programu inafanya hesabu badala yangu, nami naishukuru. Ila nilipoandika kadi 40 na kubonyeza kitufe nisichokijua, zote zikafutika. Kijana akaniambia, "Pole, mama, tuanze upya." Tukaanza. Safari hii kila kadi nikaiwekea sentensi nzima, maana "kiti" peke yake hakimfundishi mtu "kimevunjika".

Kutoka hapo sikutazama saa. Miguu ilikuwa inawaka, sauti imekauka, na darasa la mtandaoni lilikuwa bado. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha kuingia saa sita kabla ya wakati, kwa sababu niliandika "saa moja jioni" naye akaelewa saa moja ya Kizungu, yaani saa saba mchana. Akaniandikia kwa hasira. Nikamwomba radhi, maana kosa lilikuwa langu: ilinipasa niandike saa zote mbili.

Kwenye skrini kimya kina matatizo yake. Darasani namwona mtu akifikiri: macho yanapanda juu, midomo inacheza. Mtandaoni uso umeganda, nami sijui kama anatafuta neno au intaneti imekatika. Nilimuuliza binti mmoja alifanya nini jana. Uso ukaganda. Tatu. Tano. Ulimi uliniwasha nimsaidie. Nilipofika tisa, sauti ikaja.

"Samahani, Mwalimu, nilikuwa natafuta neno. Jana nilimpigia bibi yangu. Nilisema Kiswahili. Akanisahihisha."

Tukawekeana utaratibu papo hapo: anayefikiri aandike nukta moja kwenye ujumbe, nijue yupo. Dakika zilizobaki nukta zilikuwa zinaingia moja moja, na kila moja niliisubiri.

Nilipofunga kompyuta, simu ilikuwa bado inarekodi mezani. Nimeiweka kwenye chaji, nitaisikiliza alfajiri.