Asta za Minneapolis na pareto ya Molo

Asta zangu zimechanua wiki hii, na nje baridi imeshaanza kuuma masikio. Maua ya zambarau yenye moyo wa manjano. Mtoto wa Molo, kule Kenya, akiyaona lazima akumbuke pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, na hakosei, kwani ni ukoo mmoja. Pareto yetu nyeupe tuliichuma asubuhi umande ukiwa bado mbichi, tukaianika juani.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Minneapolis, Marekani, niliharibu pesa. Septemba nilinunua krisanthemamu, maua mengine ya ukoo huohuo, za vyungu zilizojaa maua, nikazipanda mbele ya nyumba. Theluji ilipoyeyuka mwezi wa Aprili, zote zilikuwa zimekufa. Mizizi haikuwahi kushika udongo kabla ardhi kuganda. Maua ya kudumu kama haya, ukitaka yavuke baridi ya huku, yapande Mei yapate kiangazi kizima cha kujijenga.

Asta nilipewa na mama mzee tunayepakana naye. Alichimba shina lake, akaligawa kwa sepetu, akanipa nusu. Akanionya: kata ncha mwezi wa Juni ili mmea utoe matawi na usianguke, lakini Julai ikishaingia usiguse tena, utakuwa unakata maua yenyewe.

Kilichonishangaza ni kwamba mmea huu husubiri usiku urefuke ndipo uchanue. Juni hapa mwanga wa jua hudumu saa 15 na nusu. Molo, jirani na ikweta, ni kama saa 12 mwaka mzima. Krisanthemamu nazo husubiri vivyo hivyo, ndiyo maana wakulima wake kule nyumbani huwasha taa usiku kwenye vitalu, zisije zikachanua zikiwa fupi. Nilipita karibu na taa hizo miaka mingi nikidhani ni za ulinzi.

Septemba vipepeo wa monaki hupita hapa wakienda Mexico, nao hunywa kwenye asta wakati maua mengine yamekwisha. Kwa sababu yao tu ningezipanda.

Jumapili nilimwonyesha mamangu kwa simu ya video. Akasema, "Sogeza nione moyo wake." Nikasogeza. Nyuki mnene mwenye manyoya akatua papo hapo, mama akanyamaza, tukamtazama wote wawili mpaka aliporuka.