Kauntabuku la Fundi na Mafuta ya Kiunoni

Fundi wangu wa nguo ana kibanda karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, na vipimo vya wateja wake wote vimo katika kauntabuku moja lililochakaa pembeni. Mwaka 2019, nilipohamia mjini hapa kikazi, aliniandikia kiuno inchi 29. Miezi michache iliyopita nilimpelekea kitenge cha sare ya harusi, akapitisha tepu, akaandika 34, kisha akacheka na kusema, "Dada, Dodoma imekukubali."

Kwetu hiyo ni sifa, nami niliipokea kama sifa. Mizani nayo haikunitisha, kwa kuwa kwa kilo 66 na urefu wa sentimita 160, uwiano wa uzito na urefu wangu (BMI) ulikuwa 25.8, yaani kidogo tu juu ya kiwango cha 25 ambacho uzito huanza kuhesabiwa kuwa umezidi. Nilikuwa na miaka 31, presha nzuri, na sukari nzuri. Ni muuguzi mmoja, nilipokwenda kupima afya, aliyenipima kiuno kwa namna ambayo fundi hapimi, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kunitaka nitoe pumzi kwa utulivu. Alipata sentimita 89. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba hatari ya magonjwa kama ya moyo na kisukari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80, na huwa kubwa kinapozidi 88.

Daktari aliniambia kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya mapaja na makalio, hayana ubaya mkubwa, lakini yale yanayozunguka ini na utumbo hayakai kimya. Chembe zake zikishajaa kupita kiasi huita askari wa kinga ya mwili, nao hukaa humo wakitoa kemikali zinazoingia kwenye damu. Moja ya kemikali hizo huliagiza ini litengeneze protini iitwayo CRP, ile ile inayopanda tunapougua nimonia, ila safari hii hupanda kidogo tu na kubaki hapo kwa miaka. Hali hiyo ndiyo inflamesheni. Nimejaribu kumweleza rafiki yangu kwa kutumia neno "uvimbe", naye akaniuliza kama nitafanyiwa upasuaji wa kizazi, kwa hiyo nimeliacha neno hilo na kusema tu kwamba mwili uko vitani bila adui.

Vita hivyo huumiza kuta za mishipa ya damu. Lehemu mbaya, yaani kolesteroli, hupenya kwenye ukuta uliokwisha kudhurika, askari wale wale huimeza hadi wakavimba kwa mafuta, na taratibu hujengeka utando ambao siku moja unaweza kupasuka na kuziba mshipa wa moyo. Michirizi ya kwanza ya mafuta hayo huweza kuanza katika ujana, mtu akiwa hasikii maumivu yoyote. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, na ilionekana kwamba dawa iliyopunguza inflamesheni bila kugusa lehemu ilipunguza mashambulio mapya, ingawa iliongeza maambukizi hatari kiasi kwamba si dawa ya kumpa kila mtu.

Kipimo cha damu kilinifundisha subira. Mara ya kwanza nilipewa karatasi iliyoandikwa "kawaida", na baadaye ndipo nikaelewa kwamba nilipimwa CRP ya kawaida, ambayo haioni viwango vidogo. Ya kupimia hatari ya moyo ni ile yenye unyeti mkubwa, ambayo chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya kati, na zaidi ya 3 ni kubwa. Niliporudia kwingine, nilikuwa na mafua, nikapata 12. Daktari aliikataa namba hiyo papo hapo, kwa sababu zaidi ya 10 kwa kawaida humaanisha maambukizi, na akaniambia nirudi nikishapona. Katika nchi yenye malaria, nadhani tahadhari hiyo ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila maabara. Mara ya tatu ilikuwa 3.8. Kabla sijaanza kuogopa akaniuliza kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, nikamjibu ndiyo, akasema hivyo navyo huipandisha. Akauliza pia kuhusu kifafa cha mimba, kisukari cha mimba na hedhi isiyo na mpangilio, mambo ambayo sikuwahi kuyahusisha na moyo.

Sijaanza mfungo wala chai ya kuyeyusha tumbo inayouzwa kwenye makundi ya simu. Ofisi yetu iko Mtumba, nakaa kwenye kiti tangu asubuhi, na kwa muda mrefu chakula changu cha jioni kilikuwa chipsi mayai na soda. Soda ndiyo niliyoiacha kwanza. Mchana nimerudi kwenye ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho wenzangu kutoka Pwani hukitazama kwa mashaka, na jioni natembea dakika 40 kabla giza halijaingia. Kilo zimepungua mbili tu, jambo ambalo lingenivunja moyo kama nisingejua kwamba mafuta ya ndani ya tumbo yanaweza kupungua kwa mazoezi hata mizani isiposogea sana.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi kitenge kingine. Akapima, akatazama mstari wa juu, akapima tena, kisha akaandika 32 na kuniuliza kama nilikuwa naumwa. Nikamwambia hapana, ila asipunguze sana pindo la ndani, kwa kuwa damu narudia kupima mwezi ujao.