Mshale Usio na Sumu

Bega langu la kulia lilipokataa kabisa kuvuta uta, nilidhani uwindaji wa mishale umeniishia. Ilikuwa mwaka 2019, nina miaka 66, na mwanangu alikuwa ameshatuombea vibali vya kuwinda elki, kulungu wakubwa wa Marekani, katika jimbo la Wyoming, tukabahatika kwenye droo. Ndiye aliyeniambia kwamba Wyoming inaruhusu upinde wa mtambo katika msimu wa mishale wa Septemba. Colorado, jimbo lililo ng'ambo tu ya mpaka, hairuhusu kwa mwindaji wa kawaida.

Upinde huo una kitako, triga na darubini, kwa hiyo mtu hujiona ameshika bunduki. Sivyo hata kidogo. Kuutega, unauelekeza chini, unakanyaga kishikio cha mbele, unauvuta upote kwa kamba maalumu yenye vipini viwili mpaka unase. Kamba ile hupunguza uzito nusu. Bila hiyo ningekuwa navuta kilo 80 na zaidi kwa bega bovu. Kidole gumba lazima kikae chini ya reli, maana upote ukiachia unakiondoa. Na ukishautega huutegui kwa mkono: jioni unafyatulia mshale butu kwenye udongo laini ndipo urudi kambini.

Hayo yote nilijifunza bila taabu. Lililoninyima usingizi ni mshale wenyewe.

Nimezaliwa Kitui, upande wa kusini unaopakana na Tsavo. Baba aliwinda kwa uta, miaka mingi kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Sumu yake ilitokana na msunguti: vijiti na magome vinachemshwa mpaka vinatoa utomvu mweusi mzito, unapakwa nyuma ya kigumba, kisha unaviringishiwa ukanda wa ngozi usikauke. Sumu ile husimamisha moyo. Mshale uingie paja au bega, kwa baba ilikuwa mamoja, mradi umechoma nyama. Kazi iliyobaki ni kufuata nyayo. Marekani mshale hauna sumu. Unaua kwa kukata tu, na nyembe zake zisipopita kwenye mapafu, mnyama wa kilo 300 ataondoka na jeraha akafie mbali, kwa mateso, na hutampata. Mimi siwezi kulala na jambo kama hilo.

Tulipiga kambi Snowy Range, magharibi ya Laramie, mahali palipo juu ya mita 2,700. Texas nimezoea kukaa kibandani nikingoja kulungu waje kwenye mahindi. Hapa nilikuwa natembea hatua chache, nasimama kutafuta pumzi. Misonobari mingi imeuawa na mbawakawa wa magome, imeanguka ikapandana, na huwezi kuivuka kimya. Upepo, unaompelekea mnyama harufu yako, nao una ratiba yake: jua likipasha mlima hewa inapanda, jioni inashuka bondeni. Mwanangu alikuwa na kichupa cha unga, anakiminya kila mara kuona unga unaelekea wapi.

Jioni moja dume likatuitikia. Mlio wa elki huanza kwa mngurumo wa chini, unapanda, unakuwa mluzi mkali unaosikika bonde zima. Mwanangu alirudi nyuma kama mita 50, akawa anaigiza sauti ya jike, ili dume limtafute yeye na kunipita mimi.

"Baba, usiinuke," alikuwa ameniambia kabla hajaondoka.

Lilitokea kati ya miti likinielekea moja kwa moja, mapembe yamelala mgongoni, matope yamegandia tumboni. Kipima umbali kilisema mita 38. Kifua kizima kilikuwa mbele yangu, na mafunzo yote ya baba yalikuwa yananiambia nifyatue. Lakini huko mbele kuna mifupa, na mapafu yamejificha nyuma yake. Nikangoja. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaegemeza upinde kwenye gogo. Lilisimama hapo muda mrefu mno, likinusa. Kisha mwanangu akalia tena kama jike, nalo likageuka kufuata sauti, likanipa ubavu kwenye mita 31. Nilisubiri mguu wa mbele usogee, nikalenga nyuma yake.

Upinde ule hupiga kelele, na dume lilikuwa limeshakimbia kabla sijainua uso. Mshale tuliupata umechomeka ardhini, damu yake nyekundu ya kung'aa ina mapovu madogo. Mwanangu alitaka tufuate papo hapo. Nikamwambia akae. Tulikaa nusu saa nzima.

Lilikuwa limeanguka mteremkoni, si mbali. Nilichana kipande cha kibali changu, nikatia tarehe na sahihi. Tulipolipasua niliomba tochi nikatafuta mapafu kwanza: yote mawili yametobolewa, tundu pana kila upande. Nilimwonyesha mwanangu, akaweka kidole mwenyewe. Kisha tukaanza kuchuna haraka, kwa sababu ngozi ya elki inashika joto na nyama huharibika hata kwenye baridi ile.