Tairi za spoti kwa Roadster: mimi sikuchukua zile kali kuliko zote

Kila nikipaki mahali na hii Mazda Roadster, kagari ka spoti ka viti viwili ka kukunja paa, lazima atokee mtu aniambie kaka mbona tairi nyembamba hivyo, weka rimu 17 gari ikae kibabe. Kukaa kibabe itakaa, sibishi, ila mimi gari hii naiendesha, siipigi picha, na kwenye kagari kadogo tairi ndiyo kila kitu kuliko egzosti, kuliko filta ya hewa, kuliko hizo springi za kushusha gari ambazo kwa matuta ya Dar ni kujitafutia kesi tu.

Gari yenyewe ni NB, ile iliyofuata baada ya zile zenye taa za kufunguka, injini 1.8, inasukuma kwa nyuma, uzito wake tani moja na kidogo. Huo uzito ndio wa kuanzia nao kabla hujamuuliza mtu bei, maana tairi nyingi za spoti zinazouzwa siku hizi zimetengenezwa kwa magari mazito, tani moja na nusu kwenda juu, zina ubavu mgumu, ukizifunga kwenye gari nyepesi gari inadundadunda kila kiungo cha lami na stelingi inakufa ganzi, hujui mbele kunatokea nini.

Mazda wenyewe kwenye gari yangu wameandika 195/50R15, yaani upana milimita 195, ubavu asilimia 50 ya huo upana, rimu inchi 15, na kabla yake ile NA ya 1989 ilitoka na 185/60R14, ukipiga hesabu kimo cha tairi hizo mbili kinapishana milimita mbili hivi tu, yaani hawa watu walijua wanachotaka. Sasa wewe ukienda 205/40R17 ubavu unabaki milimita 82 kutoka 97 na ushee, na rimu inakuwa nzito zaidi, halafu huko barabarani kuna shimo linakusubiri tu. Rimu inapinda, na kupata ya kufanana nayo Dar ni mtihani.

Halafu zile herufi na namba za ubavuni. Kwenye saizi yangu mara nyingi utakuta 82V. Ile 82 maana yake kila tairi inabeba kilo 475, zidisha kwa nne ni kilo 1,900, gari na abiria wawili na mabegi haifiki hata karibu. V ni mpaka kilomita 240 kwa saa, na mimi hiyo spidi sitaiona labda nidondoke nayo mlima Kitonga. Kwa hiyo mwenye duka akikwambia chukua hii imeandikwa XL ni ngumu zaidi, muache. XL ni ya kubeba mzigo mkubwa, kwenye Roadster unaongeza uzito na ugumu bila sababu.

Kuna hili la tairi zinazokuja na gari kutoka Japani, hapa naomba uende kwenye gari yako sasa hivi ukaangalie. Tafuta kwenye ubavu neno STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji, watu wa huko kaskazini wanazifunga msimu wa baridi, mpira wake laini kabisa na umechanwachanwa vijimstari vidogo vingi ili ushike barafu. Mtu anapokea gari bandarini anaona michoro bado mirefu anafurahi, tairi mpya hizi. Mpya ya nini, kwa joto letu hizo zinachezacheza kwenye kona kama unakanyaga godoro na zinaisha haraka mno. Na hata kama si za theluji angalia zile namba nne za mwisho za DOT, ile kodi ya kiwanda iliyoandikwa ubavuni, 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira unakauka hata gari ikiwa imesimama, na kampuni kubwa zinasema tairi ikishatimiza miaka 5 ikaguliwe kila mwaka, ikifika 10 itoke hata kama inaonekana nzima. Kwangu mimi, tairi ya kawaida ya mwaka jana ni bora kuliko tairi ya spoti yenye jina kubwa iliyolala stoo miaka sita, na hizo za stoo ndizo utakazopewa kwa "bei ya mshikaji".

Haya, kali kuliko zote. Kwenye 15 zipo, na saizi hii ina bahati kwa sababu watu wa mashindano madogo Marekani na Japani wanaipenda sana: Bridgestone Potenza RE-71RS, Toyo Proxes R1R, Nankang NS-2R, na Yokohama Advan Neova. Nyingi ya hizo zinatangazwa na treadwear 200 au hapo hapo jirani, yaani namba ya tairi inadumu kiasi gani, ikiwa ndogo inaisha haraka. Hiyo namba ni ya mfumo wa Marekani, magari yanatembezwa kwa msafara kule Texas maili 7,200, kama kilomita 11,600, tairi inapimwa imelika kiasi gani ikilinganishwa na tairi ya kipimo yenye 100. Ila kampuni yenyewe ndiyo inayoipa tairi yake namba, kwa hiyo 300 ya huyu na 300 ya yule si kitu kimoja. Na kwa nini zimerundikana kwenye 200? Kwa sababu SCCA, chama cha michezo ya magari cha kule, kwenye madaraja yake ya tairi za barabarani kimeweka sheria isiwe chini ya 200, basi kila kampuni ikatengeneza tairi inayonata kadiri inavyowezekana halafu ikaandika 200.

Zinashika kweli, tena kwa joto la Dar hazina shida ya kupata moto. Shida ni masika. Kwenye hizi mpira mwingi unagusa lami na mifereji ni michache, sasa gari nyepesi ikipanda maji yaliyotuama kwa spidi tairi inakosa uzito wa kuyasukuma pembeni inaanza kuelea, stelingi inakuwa nyepesi mkononi ghafla, na kwenye gari ya kusukuma nyuma ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yamekaribiana ikishaanza kugeuka haikupi muda wa kusoma dua. Ukiwa na tairi pana kuliko ya kiwandani ndiyo mbaya zaidi.

Halafu kuna la pili ambalo watu hawapendi kulisikia: gripu nyingi inaua utamu wa gari yenyewe. Toyota walipotoa gari yao ya spoti, 86, mwaka 2012 waliifunga Michelin Primacy HP 215/45R17, tairi ambayo Prius, gari ya kubana mafuta, nayo ilikuwa inaitumia, watu wakacheka, kumbe Tetsuya Tada aliyesimamia ile gari na timu yake walifanya kusudi, walitaka gari icheze kwa spidi ya kawaida bila kusubiri ufike 160. Roadster ni hivyo hivyo. Barabara ya Mombo kupanda Lushoto ni kilomita thelathini na kitu, nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde, na ukifika karibu na Soni unakutana na Fuso la kabichi linashuka limechukua njia yote. Pale unataka tairi inayokwambia mapema kwamba inakaribia kuachia, inalia kidogo, inaachia taratibu. Ile ya 200 inanyamaza kimya inashika inashika, ukija kujua umefika mwisho wake uko kwenye spidi ambayo hukutakiwa kuwa nayo kwenye barabara yenye wanafunzi wanatembea pembeni.

Kwa hiyo nikashuka daraja moja, zile za spoti za kutembelea kila siku. Kwenye 195/50R15 niliangalia Bridgestone Potenza Adrenalin RE003, Toyo Proxes TR1 na Yokohama Advan Fleva V701. Michelin Pilot Sport 5 ningeitamani ila haishuki mpaka rimu 15, ndiyo hivyo. Nilichoangalia kwanza ni maji, kwenye lebo ya Ulaya kuna alama ya kushika barabara ikiwa imelowa, inaanzia A mpaka E, na kwenye ule mfumo wa Marekani kuna Traction AA mpaka C ambayo nayo ni breki kwenye maji, kona hawajapima. Nikaishia kwenye Fleva, ziliagizwa kupitia ndugu yangu aliyeko Dubai, sharti langu moja tu: apige picha ya DOT kabla hajalipa. Alinung'unika lakini alipiga.

Kufunga sasa. Fundi akimaliza anakuuliza upepo ngapi, nikamwambia 26, akanitazama, akacheka, akamtazama mwenzake, akajaza 35. Mzee, hizi tairi za chini ukiweka 26 zitakatika! Nikamfungulia mlango nikamuonyesha kibandiko, 180 kPa, ambayo ni psi 26 mbele na nyuma, akapunguza huku anatikisa kichwa. Gari ya tani moja ukiijaza 35 tairi inasimama kwa katikati, inaruka kila jiwe na breki zinakuwa ndefu, yaani umelipia tairi ya spoti halafu unatumia nusu yake. Pima asubuhi kabla hujatembea, mchana juani geji inapanda yenyewe na ukitoa upepo saa hiyo kesho utakuta uko chini.

Kama mfuko unaruhusu mbili tu, zifungwe nyuma. Mafundi wengi watabisha, watakwambia mpya zikae mbele ndiko kuna stelingi. Mbele ikiteleza utaachia mafuta gari itarudi kwenye mstari, nyuma ikiteleza Soni pale hakuna wa kukuokoa. Ila kwa kweli kwenye Roadster jichange ununue zote nne za aina moja. Na kilomita za mwanzo nenda taratibu, tairi mpya inatoka kiwandani na utelezi juu yake.

Wenye NA ya rimu 14 poleni, tairi za spoti za 185/60R14 zimebaki chache kweli na nyingi mtakazopewa ni za magari madogo ya kawaida. Ningekuwa nyie ningetafuta seti ya rimu 15 za NB za mtumba, matundu ya nati ni manne yaleyale 4x100, yaani manne kwenye duara la milimita 100, zinaingia bila kupasua chochote, ziwe nyepesi na zisiwe zimechomelewa, hapo ndipo mnunue tairi.