Kijumba cha makuti mezani: paa limeshika

Kuta za kijumba changu cha mfano zimekauka, nashukuru. Masika Mombasa si msimu wa kazi za gundi: hewa imejaa maji, na kipande unachokiacha kikiwa kimenyooka asubuhi unakikuta jioni kimejikunja kama samaki wa kukaanga. Ndiyo maana kadibodi zote nilizipaka vanishi pande mbili kabla ya kuzigusisha udongo. Juu yake nimekandika udongo mwekundu uliochekechwa na kuchanganywa na gundi nyeupe ya seremala. Udongo mtupu ungepasuka. Wenye gundi unakauka ukashika, na ukiusugua kwa msasa mwepesi unapata ule mkwaruzo wa ukuta uliolowa mvua miaka mingi.

Kwa wageni: hii ni nyumba ya Kiswahili ya udongo na makuti. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Vijumba vya Kizungu vyenye waridi na bomba la moshi vinauzwa vikiwa vimekatwa tayari, unaunganisha tu, na sivionei wivu. Kipimo ni 1:12, kile kile cha nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza iliyoko kwenye kasri la Windsor, iliyokamilika mwaka 1924. Ile ina maji ya bomba yanayotoka kweli. Yangu ni ya Mombasa, kwa hiyo nimeipangia madumu uani.

Kipimo hakina urafiki. Mlango wa sentimita 180 unakuwa 15. Ukuta wa sentimita 18 unakuwa moja na nusu, na hapa ndipo vijumba vingi ninavyoviona vinapoharibika: ukuta umekatwa mwembamba kama karatasi, basi hata ukiweka samani nzuri namna gani, jicho linakataa. Boriti zangu ni vitawi vya mwarobaini vyenye unene wa milimita sita hivi. Fito ni vijiti vya mshikaki, vinatosha kabisa bila kuchongwa.

Sasa paa, ambalo limenila muda kuliko vyote. Nyasi za plastiki za dukani zinang'aa, na kuti halisi la mnazi ni pana mno kwa kipimo hiki. Nilichotumia ni ukindu, masalio ya msusi wa mikeka wa mtaani kwetu. Unauloweka, unauchana kwa sindano mpaka uwe nyuzi, unazikunja juu ya kijiti chembamba cha sentimita saba, halafu unashona kwa uzi wa kahawia karibu na mkunjo, vile vile kuti la kweli linavyoshonwa. Nilipompelekea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuezeka, alikigeuza kipande kimoja mkononi, akacheka.

"Hili paa laanzwa tini, mwanangu. Na usiyatenge mbali, yabanane."

Kuanzia chini nilikujua, kubanana ndiko nilikokuwa nakufanyia ubahili. Safu zikikaribiana, paa linapata unene pale kwenye upenu, na unene huo ndio unaolifanya lionekane la makuti, si la ufagio. Mwinamo nimeuacha mkali, karibu nyuzi 45, kwa kuwa makuti yakilala maji hayateremki, na paa lisiloweza kumwaga mvua ya kweli sitaki kuliona hata kwenye meza yangu.

Ndani bado mambo ni machache. Kitanda cha kamba kipo. Mbuzi ya kukunia nazi nimeichonga kwa kipande cha mvule, urefu wa sentimita tatu na nusu, ulimi wake ni bati la kopo la soda, na meno nimeyatoa kwa tupa ya sindano. Kifuu ni nusu ya dengu kavu iliyochokolewa ndani na kupakwa rangi ya kahawia.

Leso ndiyo iliyonisumbua akili. Ukikata kipande cha leso ya kawaida ukakitandika, ua moja linafunika kitanda kizima. Leso ya sentimita 150 kwa 110 hapa ni 12.5 kwa 9 tu, na ndani ya hapo lazima kuwe na pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina, yaani maneno yake. Nimechora mwenyewe kwenye kitambaa cha bafta kwa kalamu ya wino. Herufi za jina zina urefu wa milimita mbili, zinasomeka kwa kioo cha kukuzia. Nimeandika nini? Mwenye kioo atasoma.

Baraza linangoja chokaa, na mlango bado haujapata komeo. Jirani yangu anashikilia kwamba nyumba ya siku hizi bila dishi la televisheni ni uongo. Tumebishana, tumefika kati: antena ya zamani, ile ya kufungwa kwenye mti mrefu, nitaiweka. Dishi hapana.